Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya kila mwezi vilifanyika, mafunzo ya usanifu wa skrini yalifanyika, vyuo vilitembelewa. Sitayarudia.

Nizungumzie fedha za sherehe. Ni kweli kamati iliahirisha sherehe ya Desemba, na shilingi 1,300,000 zikalipa posho na nauli za watu watano waliotujaribia programu ya kuagiza bidhaa sokoni iliyotengenezwa na wenzetu. Wapo waliosema mwenyekiti amekula sherehe yao. Stakabadhi ziko kwa mhazini, njooni mzikague. Kibali cha sokoni nilikihangaikia mimi, washiriki walibebwa na gari langu, na mafuta sijadai.

Fedha hizo zilituonyesha nini? Mama muuza ndizi pale soko la Kilombero alipewa simu saa saba mchana, jua la utosi. Aliigeuza huku na huku, akaifunika kwa kanga apate kivuli, na bei bado hakuiona. Maandishi yalikuwa ya kijivu, msimbo wa rangi #999999, juu ya nyeupe: uwiano wa utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli ni 2.85 kwa 1, wakati WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti na programu zitumike na watu wote, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Rangi hiyohiyo tuliisifu sote tukiwa ofisini. Kijana asiyeona naye aliwasha TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android kinachotamka yaliyomo, simu ikamsomea "kitufe, kitufe, kitufe", asijue kipi ni cha kulipia, maana hakuna aliyevipa majina. Sasa vina majina, na kijivu kimekolezwa hadi #595959, yaani 7 kwa 1.

Imesemwa pia kuwa watu watano si utafiti. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, aliandika mwaka 2000 kuwa watumiaji watano hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi, kisha urekebishe na upime tena. Hatukuwa tunahesabu kura, tulitafuta mtu anakwama wapi. Wasioona ni kundi la peke yao, nao wanastahili watano wao, na hilo linahitaji fedha zaidi, si pungufu.

Linaloniumiza ni kwamba wanaolalamika hawakuwepo siku ya uamuzi. Tuko wanachama 71. Kikao kile tulikuwa 14. Waliolipa ada ni 26. Waliobaki 45 wanadaiwa shilingi 30,000 kila mmoja, jumla 1,350,000. Zingelipwa, sherehe ingekuwepo na chenji ingebaki. Jumbe za kukumbusha nilituma mwenyewe, wengine hata kujibu hawakujibu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupima tena, kuwashirikisha wazee na wasiosikia, na ikiwezekana kufika kwa wenzetu wa Moshi. Suala la ofisi ya kudumu bado tunaliangalia.

Mhazini amekaa meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Tafadhali mpitieni kabla ya chakula.

Mwenyekiti