Sahihisheni mwisho wa Angel

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipokosea mambo mazito kuliko hili. Lakini makala ya ukurasa wa burudani kuhusu sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Angel imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amewaambia wasomaji kuwa Angel aliliua joka, akageuka binadamu na kwenda kuishi kwa amani, na kwamba Fred, mwanamke wa kundi la Angel aliyekwisha kufa, alifufuka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo.

Sehemu hiyo inaitwa "Not Fade Away". Ilirushwa Marekani na kituo cha The WB tarehe 19 Mei 2004, ikafunga misimu mitano yenye sehemu 110. Waliiandika Jeffrey Bell na Joss Whedon, na Bell ndiye aliyeiongoza. Kwa asiyeifahamu tamthilia yenyewe: Angel ni mnyonya damu aliyerudishiwa roho kwa laana, ili aumie kwa kuyakumbuka mauaji aliyoyafanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Anahamia Los Angeles na kuanza kuwasaidia watu. Tangu msimu wa kwanza upo utabiri kwamba mnyonya damu mwenye roho, akishavimaliza vita vyake, atageuzwa binadamu. Hilo ndilo tumaini lake. Sasa, katika sehemu hii ya mwisho, ili wakubwa wa kundi la siri la waovu wamwamini na yeye apate nafasi ya kuwamaliza, wanamwekea hati mbele yake aukane utabiri ule. Anatia sahihi. Mhariri, anatia sahihi! Mtu aliyekwisha kuandika kwa mkono wake kwamba malipo hayataki, mwandishi wenu anampa malipo yaleyale mwishoni, wala haelezi yametoka wapi.

Kilichomo ni hiki. Kila mmoja wa kundi la Angel anapewa adui wake wa kumuua usiku uleule. Wesley anakufa. Lorne anampiga risasi Lindsey, wakili aliyekuwa adui wao, kama alivyoagizwa na Angel, kisha anaondoka moja kwa moja. Gunn anarudi na jeraha ambalo Illyria, shetani aliye upande wao, akilitazama tu anamwambia hana zaidi ya dakika kumi. Wanasimama wanne, Angel, Gunn, Illyria na mnyonya damu mwingine aitwaye Spike, uchochoroni nyuma ya hoteli ya Hyperion iliyokuwa makao yao, mvua inawanyeshea, jeshi la mashetani linawajia na joka liko angani. Angel anasema joka angependa kulishughulikia yeye, anainua upanga, na kioo kinakuwa cheusi. Imekwisha.

Kuna wanaodai kuwa hadithi ilikatika kwa sababu kituo kiliifuta tamthilia. Kuifuta kiliifuta, lakini habari hiyo ilitangazwa Februari, na wapenzi wa Angel walikwishaanza kuandika barua na kuchanga fedha hadi wakakodi lori lenye bango lizunguke Los Angeles kuiombea msimu wa sita. Waandishi walijua wanaandika mwisho. Whedon amesema zaidi ya mara moja kwamba huo ndio mwisho alioutaka. Kuanzia mwaka 2007 hadithi iliendelezwa katika vitabu vya katuni, na anayetaka kujua ya joka ayatafute huko. Makala yenu haikuwa ya katuni. Ilikuwa ya sehemu ya televisheni, na iliitaja kwa jina.

Makosa hayo najua yalikotoka, kwa kuwa nimeyasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kunyolewa, na pale saluni walikuwa wameweka sehemu hiyohiyo, ile iliyotafsiriwa, mtafsiri akisema juu ya sauti za waigizaji. Nilifurahi kuiona, maana mara ya kwanza niliitazama na marehemu mume wangu kwenye DVD alizoletewa na mdogo wake aliyekuwa baharia. Furaha haikudumu. Kuna mahali Gunn anaitumia siku ambayo huenda ni ya mwisho kwake kumsaidia Anne, dada anayewahifadhi vijana wasio na makazi, kupakia vitu kwenye lori. Anamuuliza angefanya nini kama angeambiwa kwamba kazi yake yote haitabadilisha chochote. Anne anamjibu kuwa angeendelea kupakia lori. Sehemu nzima imesimama juu ya jibu hilo. Mtafsiri aliyatumia maongezi hayo yote kuwasalimia wateja wake na kutaja namba yake ya simu.

Nikavumilia. Likaja la Wesley, na hapo ndipo ninapowaomba mnisome taratibu. Wesley alimpenda Fred, na Fred alikwishakufa. Mwili wake umechukuliwa na Illyria, shetani wa kale aliyekuwa akiabudiwa kama mungu. Mapema katika sehemu hiyohiyo Illyria anajitolea kujigeuza awe na sura ya Fred, na Wesley anakataa, kwa sababu Fred hayupo tena na hataki uongo. Usiku, kisu kikiwa kimekwisha kumwingia tumboni, Illyria anamuuliza kama sasa anataka adanganywe. Anakubali. Illyria anavaa sura na sauti ya Fred, anamshika, na Wesley anakata roho akijua fika kwamba anayemshika siye. Mimi nimefanya kazi wodini hadi nilipostaafu. Nimekaa na watu wakati ule. Nimeulizwa na mama aliye ukingoni kama mwanawe amefika, ilhali sote wawili tunajua hajafika, na najua jibu lile linavyokuwa zito mdomoni. Sijaona mahali pengine kwenye televisheni pameonyesha jambo hilo kwa heshima kama pale. Na mtafsiri akasema nini? Akasema, "Fred kumbe alikuwa amejificha, sasa amerudi, wataoana!" Saluni nzima ikashangilia juu ya maiti ya Wesley. Kioo kilipokuwa cheusi hakunyamaza; majina ya waigizaji yakipita yeye aliendelea, joka limekufa, Angel amekuwa mtu, amepata mke. Kijana aliyekuwa ananyoa akanigeukia, "Bibi, umeona? Wameshinda!" Sikumlaumu. Yeye alisikia alichosikilizishwa. Lakini gazeti lina mhariri, lina watu wanaolipwa kuhakiki, na baada ya siku chache maneno yale ya saluni nayakuta yamechapwa kwenye karatasi yenu, joka kufa, Angel kuwa mtu na Fred kurudi. Huko ni sawa na kuandika "amepona" kwenye faili la mgonjwa aliyekwisha kupelekwa mochwari.

Na tabia hii ya kudharau miisho si ya watafsiri peke yao. Kituo kimoja cha televisheni ninachokitazama nyumbani hukata tamthilia katikati ya sentensi ya mwisho ili kiwahi taarifa ya habari, na majina ya waliofanya kazi ile hatujawahi kuyaona hata mara moja. Siku hizi wameongeza matangazo ya kubeti yanayopita chini ya kioo hadi yanafunika tafsiri ya maandishi, kwa hiyo mzee asiyejua Kiingereza anaambulia namba za kutumia pesa. Waigizaji wetu wenyewe wa hapa Tanzania hukatwa hivyohivyo. Andikeni na hilo, mkimaliza kusahihisha lenu.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, masahihisho yachapwe ukurasa uleule wa burudani, kwa herufi za ukubwa uleule wa kichwa cha habari cha awali, na si ule mstari mwembamba mnaouficha karibu na matangazo ya viwanja. Pili, kila anayeandikia gazeti lenu kuhusu tamthilia aeleze msimu, jina la sehemu, na kama aliitazama kwa sauti yake ya asili au kwa mtafsiri. Tatu, kwa kuwa najua watafsiri wanasoma kurasa zenu, wachapishieni ombi langu: waendelee na kazi yao, watu wengi wanaihitaji, lakini katika "Not Fade Away", tangu Illyria anapomuuliza Wesley lile swali hadi Wesley anapokata roho, watafsiri yale maneno machache yaliyosemwa na wasiongeze lao, na kioo kikishakuwa cheusi wanyamaze kabisa.

Mkisema ukurasa wa burudani hauna nafasi, nafasi ipo. Siku hiyo ondoeni ubashiri wa mechi.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga