Barua kwa mwanangu: taa ya upande wa barabara

Tororo, Desemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako anasema nianze kwa kukuuliza kama unakula vizuri, basi nimeuliza. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, nikaona habari hii ya gari haitoshi kujibiwa kwa simu, afadhali nikae chini niandike.

Unasema hapo Hamburg jua linazama saa kumi jioni, na ukitoka kazini ni giza tupu. Hapa wakati huo ni saa kumi na mbili, watoto bado wako uwanjani na mpira wao, na mwamba wetu unaonekana wote hadi kileleni. Mwezi wa nane tulipishana saa moja tu. Tangu mlipobadilisha saa mwishoni mwa Oktoba tunapishana mbili. Kila jioni nahesabu: sasa kwa binti yangu kumeshakuwa usiku.

Haya, gari. Ulilizima, ukachomoa ufunguo, ukafika mlangoni, ukageuka ukaona taa ndogo za kushoto zinawaka, ya mbele na ya nyuma, na za kulia zimezima. Ukafikiri ni waya umeungua, unataka kulipeleka gereji. Mama, usimpe mtu hela. Golf yako haina ugonjwa. Kijiti cha indiketa kilibaki kimeshuka upande wa kushoto, pengine mkono wa lile koti zito ulikigusa ukishuka. Gari likiwa limezimwa, kijiti kikiwa upande mmoja, taa ndogo za upande huo zinabaki. Kirudishe katikati, zitazima. Zimewekwa hivyo makusudi, na mimi nilifundishwa na mtu wa huko huko uliko.

Mwaka 1987 nilikuwa namwendesha mzee mmoja Mjerumani, mhandisi wa maji, kwa Benzi 240D. Safari zetu nyingi zilikuwa za Kabale. Wewe Kabale hujalala, kwa hiyo baridi ya Uganda huijui. Mji uko juu zaidi ya mita 1,800, na asubuhi ukungu unajaa mabondeni mpaka huoni ng'ombe aliye mbele yako. Usiku tulikuwa tunaota sigiri, jiko la makaa, nje ya chumba, maana hewa ya makaa inaua. Usiku wa kwanza nilipaki kando ya barabara, nikaona giza ni nene, nikaacha taa ndogo zote zinawaka. Kulipokucha betri ilikuwa imekufa, na ilikuwa imezeeka tayari. Injini ya dizeli kwenye baridi inataka kupashwa plagi kwanza, na plagi zinakula moto wa betri. Vijana wa sokoni walitusukuma mpaka kwenye mteremko.

Mzee hakunigombeza. Jioni yake aliniita, akashika swichi ya taa, ile ya kuzungusha. Mimi nilizoea kuizungusha kulia tu. Yeye akaizungusha kushoto, zikawaka taa za upande mmoja. Akanipigia hesabu kwenye karatasi: taa ndogo nne za wati 5 na za namba ya gari, karibu wati 30, lakini upande mmoja peke yake ni wati 10 tu. Kwa betri ya volti 12, hiyo haifiki hata ampea moja. Usiku mzima inavumilia. Halafu akaniuliza upande gani uwake. Nikamwambia wa kushoto, uliokaa kwenye ukingo, ili watembea kwa miguu waone. Akatikisa kichwa. Ni upande unaopitwa na magari. Kwetu Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo unawasha kulia. Huko Ujerumani ukipaki mkono wa kulia unawasha kushoto. Na hiyo ni ya mjini tu. Nje ya mji zinatakiwa za pande zote mbili.

Kuna kitu kingine alinieleza ambacho sijawahi kukiona kwa macho. Alisema kwao baadhi ya nguzo za taa za barabarani zimefungwa utepe mwekundu wenye kingo nyeupe. Maana yake taa ya nguzo hiyo haiwaki mpaka asubuhi, na ukipaki hapo gari lako lijiwashie lenyewe. Kwa hiyo nguzo yenye utepe uliyoniambia, uliyodhani ni tangazo, ndiyo hiyo.

Mbona naandika marefu juu ya balbu? Mwaka uliofuata, kati ya Mbarara na Ntungamo, usiku, lori lilikuwa limekufa barabarani bila taa hata moja. Taniboi alikuwa amekata matawi akayapanga nyuma yake, kama tunavyofanya siku zote, lakini mvua ilikuwa kubwa na majani mabichi hayarudishi mwanga. Niliyaona nikiwa tayari juu yake. Tuliingia mtaroni. Mzee alivunjika mkono, mimi nikatoka mzima, na mama yako wakati huo alikuwa na mimba ya kaka yako. Mpaka leo nikikuta matawi barabarani usiku, mikono inalowa jasho.

Ndiyo maana ulipokuwa mdogo gari letu lilikesha na taa za kulia pale nje, na wewe ukaniuliza kwa nini gari linalala jicho moja. Ulikuwa na miaka minne. Hukutaka kulala mpaka nikupeleke dirishani uone kama jicho liko wazi.

Kwa baridi ya huko, betri inapungua nguvu na mafuta ya injini yanakuwa mazito, kwa hiyo usiache taa hata za upande mmoja usiku mbili mfululizo bila kuliendesha. Barafu ya kioo ikwangue, usiimwagie maji ya moto, kioo kitapasuka. Na wewe mwenyewe ukitembea, vaa kitu cheupe juu ya lile koti jeusi.

Sweta ya kijani mama yako ameimaliza, inakuja na mtoto wa jirani mwezi wa kwanza. Ukipita pale kwenye nguzo, nipigie picha ya ule utepe.

Baba yako