Kikoa cha ln(xy): robo ya tatu imesahauliwa

Assalamu alaykum ndugu wanakikundi. Katika madaftari niliyoyapitia jana barazani hapa Chake Chake, wengi wameigawa ln(xy), yaani logi asilia ya xy, kuwa ln x + ln y kabla ya kutafuta kikoa (nukta zote (x, y) ambapo fomula ina jibu), na kwa haraka hiyo wakaipoteza robo ya tatu ya grafu (ambapo x na y zote ni hasi, hivyo ln x na ln y zikiwa peke yake hazina jibu), ilhali logi inadai tu kwamba kilichomo ndani ya mabano kiwe kikubwa kuliko sifuri. Nukta (−2, −3) inatoa ln 6, basi imo. Kikoa ni xy > 0, yaani robo ya kwanza na ya tatu, bila ya mihimili yenyewe. Kwa ln(9 − x² − y²), kikoa ni ndani ya duara la nusukipenyo 3; lichoreni kwa mstari wa vitone, kwani ukingo haumo. Masahihisho yaletwe Jumamosi baada ya alasiri, yakiwa kwa penseli, tafadhali.