Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Zulia Lililoporomoka

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Katibu ameniandalia orodha ya shughuli zote za chama chetu cha bustani kuanzia Januari mpaka Desemba, na kila mmoja wenu amepewa nakala yake mlangoni. Sitaisoma. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye jambo ambalo mmekuwa mkilinong'ona tangu Aprili, nalo ni ule mteremko wa shule kule Goba.

Wageni hawaijui habari hii, kwa hiyo naanza mwanzo. Mwaka juzi mwezi Novemba, vuli ilipochanganya, tulijitolea kufunika kingo ya udongo iliyo juu ya uwanja wa shule. Kila mvua ikinyesha, tope lilikuwa linashuka hadi mlangoni mwa darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyependekeza aptenia, ule mmea unaotambaa wenye jani nene la umbo la moyo na kiua chekundu cha kuelekea zambarau. Asili yake ni Afrika Kusini, lakini hapa Dar imeshakuwa mwenyeji. Haitudai hela, maana kila mwenye nayo anaikata na kugawa. Tulikusanya vipande kwenye ndoo za rangi, tukapanda kwa nafasi ya sentimita 25, na kufikia Februari kingo yote ilikuwa kijani. Nilipiga picha nyingi. Nilizituma hata kwa watu ambao hawakuniomba.

Aprili ikaja. Baada ya mvua ya usiku tatu mfululizo nilipigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi. Tulipofika mimi na Katibu, nusu ya chini ya zulia lote ilikuwa imeteleza na kujikunja mferejini kama mkeka uliosukumwa kwa mguu. Niliinua ukingo wake. Mizizi ilikuwa mifupi kuliko kidole changu cha shahada, na udongo chini yake ulikuwa laini, umelainishwa kama sabuni iliyotumika. Nikabana jani moja, likapasuka na maji yakanirukia kwenye miwani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilipaswa kukijua, kwa umri huu na kwa cheo hiki mlichonipa. Mimea hii ya majani manene huvuta hewa usiku na kufunga vitundu vya majani yake mchana, ili jua lisiifyonze. Maji inayopata huyaweka akiba kwenye majani na mashina. Ndiyo maana kaskazi ya Januari na Februari haiitishi. Lakini masika ya Dar hayaleti akiba, yanaleta mafuriko. Kila jani linajaa, zulia linakuwa zito mno, na mizizi ile mifupi haina cha kushika. Kwenye uwanja tambarare hakuna madhara. Kwenye mteremko mkali, uzito huo unavuta kila kitu chini.

Mlinzi wa shule alitutazama tukihangaika na majembe, akasema, "Mzee, mmeuvisha mlima kanga, mkasahau kufunga fundo." Sikuwa na jibu.

Na lipo jambo jingine ambalo ni lazima niliseme mbele yenu. Sehemu ya juu ya kingo haikusogea hata shubiri moja. Kule juu palikuwa na mistari miwili ya nyasi ngumu ambayo mimi niliagiza ing'olewe kwa sababu inaharibu sura. Mama mmoja wa kamati alikataa. Aliniambia, "Mwenyekiti, hizi nyasi zimetangulia kufika hapa kuliko wewe," akaendelea kupalilia pembeni yake. Yupo hapa leo, ameketi safu ya pili, na hapendi kutajwa. Nilimwomba radhi faragha, leo naomba radhi hadharani.

Oktoba, vuli ilipoanza, tukarudi. Safari hii tulianza na vetiva, aina ya nyasi, iliyopandwa kwa mistari inayokata mteremko kwa usawa, shina na shina sentimita 10 hadi 15. Mizizi ya vetiva huenda chini wima na inaweza kufika mita 3 au zaidi ikishakomaa. Katikati ya mistari ndipo tukarudisha aptenia, ile ile tuliyoiokota mferejini. Haikuhitaji kubembelezwa. Vipande vilivyolala juani siku nne vilitoa mizizi kama kwamba hakuna kilichotokea. Mpaka leo kingo imetulia, lakini hiyo ilikuwa vuli tu, na vetiva bado changa. Sitatuma picha kabla ya Juni.

Sasa nije kwenye bustani zenu. Simu nyingi nilizopokea mwaka huu zilianza na maneno "mmea wangu umekauka." Nikienda kuutazama nakuta haukukauka, umeoza. Tofauti ni rahisi: shika shina pale linapoingia ardhini. Likiwa gumu na majani yamekunjamana, ni kiu, mwagilia. Likiwa laini, la kahawia, linateleza kama ndizi iliyopitiliza, weka kopo chini. Kata ncha zilizo nzima juu ya sehemu iliyooza, ziache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha panda upya kwenye mchanga mnene wa kujengea uliochanganywa na udongo, nusu kwa nusu, na samadi kiganja kimoja tu. Samadi ya kuku mkiimwaga kama mnavyoimwaga kwenye mchicha, mtapata mashina marefu malegevu na ua hata moja msilione.

Na jamani, mchanga wa ufukweni tuuache ufukweni. Una chumvi, na ni mwembamba mno, ukishikana maji hayapiti.

Kuhusu chumvi, nawapongeza wenzetu wa Kigamboni. Bibi mmoja kule ana kisima chenye maji ya chumvi, na kila alichopanda kilikufa mpaka akakata tamaa ya kununua miche barabarani. Mwishowe akachukua ncha chache za ule mmea unaotambaa wenyewe pwani, juu kidogo ya pale maji ya bahari yanapoishia, wenye shina jekundu, jani nono kama kidole cha mtoto na kiua cha waridi chenye umbo la nyota. Wataalamu wanauita Sesuvium portulacastrum. Leo uwanja wa nyumba yake wote umefunikwa, na anamwagilia maji yale yale ya kisima. Nilipomtembelea alinikaribisha juisi ya ukwaju na kuniambia kwamba miaka yote alikuwa anaukanyaga akienda kununua samaki. Ombi langu ni moja: mkiufuata, chukueni ncha tu, msing'oe. Ndio unaoshikilia mchanga wa fukwe zetu.

Waliotaka zulia la maua wengi wamepanda Portulaca grandiflora, ile yenye vijani vyembamba kama sindano nene na maua ya kila rangi. Imewapendeza walio na jua la kutwa. Walioipanda chini ya mwembe wanalalamika kwamba haifungui maua, na mimi nawajibu kila mara kwamba ua lile hufunguka kwa jua, mwembe hauna jua la kumpa mtu. Ule wa kuning'inia wenye vijani vya duara, tunaouita shanga, kwa hali ya hewa yetu naushauri ukae barazani chini ya paa, mbali na mvua, na mbali na paka na mbuzi kwa kuwa una sumu.

Ndago, lile gugu, imetutesa. Wanachama wanadhani zulia likifunga, ndago itakufa chini yake. Haifi. Inachomoza katikati ya majani kama sindano, na ukiivuta inakatika, kiazi kinabaki. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya uvumilivu: mwagilia eneo tupu, acha ndago ziote, chimba na viazi vyake, rudia mara mbili au tatu, ndipo upande. Kazi ya miezi miwili. Aliyeikwepa mwaka jana anaifanya mwaka huu akiwa amepiga magoti juu ya maua yake.

Zulia likiota kipara katikati, msiogope kulikata. Punguzeni mashina yaliyozeeka, jazeni vipande vipya palepale. Wekeni mawe ya kukanyagia, maana majani haya si nyasi, yakikanyagwa yanapasuka. Vidung'ata, vile vidudu vyenye unga mweupe, vikiwa vichache vifuteni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla hamjakimbilia duka la dawa.

Visahani chini ya vyungu nimevikataza kwenye bustani ya chama na navikataza tena. Hatujasahau homa ya dengi ya 2014 na ya 2019. Mbu wake anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo na anauma mchana, wakati sisi ndio tumeinama kwenye maua.

Kuna mwanachama alirudi safarini na vipande vya mimea ndani ya begi, amevifunga kwenye soksi. Simtaji. Mimea ya nje inaingia kwa kibali cha TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Vipande vile tuliviteketeza, naye alikubali, ingawa kwa uso wa msiba.

Mapato na matumizi atasoma Mweka Hazina. Niseme tu kwamba tipa la udongo wa kurudishia kingo nimelilipia mwenyewe, si fedha ya chama, kwa hiyo msilitafute kwenye hesabu zake.

Ugawaji wa vipande utafanyika Jumamosi mbili kabla masika hayajaanza, saa mbili asubuhi, bustanini kwetu. Kila mtu aje na kisu chake na gazeti la kufungia. Vipande vikae vikavu, msije na ndoo za maji. Wa kwenda Goba kukagua vetiva waandikishe majina kwa yule mama wa safu ya pili. Yeye ndiye atakayeongoza, mimi nitabeba jembe.

Mwenyekiti
Dar es Salaam