Msitupe yuria iliyoganda

Mhariri,

Mbolea ya yuria iliyoganda kama jiwe ghalani haijaharibika. Ipondeni muitumie, nitrojeni yake, asilimia 46, imo vilevile, maadamu haijayeyuka ikachuruzika nje ya gunia.

Chanzo cha kuganda kimo ndani ya fuwele, yaani chembe ngumu za yuria. Molekuli za yuria hujipanga minyororo, na kila oksijeni hushikwa kwa vifungo na hidrojeni nne za molekuli jirani. Ndiyo maana kitu chenye molekuli ndogo hivyo hakiyeyuki kwa moto mpaka nyuzi 133. Lakini maji nayo hupenda vifungo hivyohivyo. Kwenye joto la nyuzi 30, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 73, jambo la kawaida hapa Malindi, uso wa punje hulowa usiku. Jua likipanda hukauka, na fuwele mpya huunganisha punje na mwenziwe. (Koroga konzi moja katika kopo la maji: kopo hupoa mkononi, kwani kuvunja vifungo hula joto.)

Basi fungeni mfuko wa ndani kwa kamba, gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Shambani ifukieni sentimita 5. Ikiachwa juu hugeuka amonia ikapeperuka.

Walimu wa kemia,
Malindi