Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: nani anaitika saa nane usiku?

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Ujiji. Nimekesha zamu nyingi katika wodi za upasuaji, na ninachokuandikia kinamhusu mgonjwa aliyekwisha kutoka thieta, yaani chumba cha upasuaji.

Utafiti uliofanyika mwaka 2016 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika ulionesha kuwa, kati ya wagonjwa waliofariki, zaidi ya 9 katika kila 10 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Walifia vitandani, kisu kimeshamaliza kazi yake.

Wengi tulidhani dawa ni kuongeza uangalizi tu. Likajaribiwa: mgonjwa wa hatari alazwe karibu na meza ya wauguzi, apimwe mara nyingi zaidi, ndugu yake aruhusiwe kukaa naye. Majibu yalitoka mwaka 2021: vifo havikupungua. Yaliniuma, ila sikuyashangaa. Damu ikivuja ndani, mapigo hupanda kwanza, bandeji ikiwa kavu kabisa na presha ikionekana nzuri. Mkojo unapungua, mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, kuna jambo. Muuguzi anaona yote hayo. Anampigia daktari simu, haipokelewi. Anaandika kwenye faili, anapiga tena. Asubuhi presha imeshuka, na muda wa kumrudisha thieta umepita.

Kwa hiyo naomba waraka wako, ukurasa mmoja unatosha. Kila wodi ya upasuaji iwe na ubao wenye jina na namba ya daktari wa zamu, na chini yake jina la pili la kupigiwa wa kwanza asipopatikana. Muuguzi aruhusiwe kwa maandishi kuanza oksijeni na dripu, kutuma sampuli ya damu maabara na kuiamsha timu ya thieta, kabla daktari hajafika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kibaki wodini, kisifungiwe kabatini thieta. Tena, tafadhali sana, asikaripiwe muuguzi aliyeita daktari akakuta mgonjwa yuko salama. Akikaripiwa leo, kesho atasubiri.

Najua watumishi ni wachache. Ndiyo maana sikuombi jengo wala mashine kubwa. Naomba amri yenye sahihi yako, ibandikwe juu ya meza ya wauguzi kuanzia Kakonko hadi Uvinza.

Muuguzi mstaafu,
Ujiji