Hayo si mafua, Okello

Entebbe, Ijumaa jioni

Mpendwa ndugu yangu Okello,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Uniwie radhi kwa kimya cha tangu Pasaka. Nimeshika kalamu kwa sababu Mama Nakato amenieleza kwamba unapiga chafya kutwa kila mnapobadilisha maranda wanayolalia panya wa maabara, nanyi mnasema ni mafua ya vumbi. Hayo si mafua, ni mzio wa panya.

Nami yalinianza hivyo hivyo, mwaka wangu wa pili kazini: pua, kisha macho, kisha vipele vilivyovimba kwenye kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia na mkia wa panya unapogusa. Nikanyamaza kwa kuhofia kibarua. Kufikia mwaka wa nne nilikuwa nikilala nimeketi, kifua kikilia kama filimbi, na hadi leo dawa ya pumu haitoki mfukoni mwangu.

Kinachotudhuru zaidi ni protini zilizomo kwenye mkojo wa panya, na dume huzitoa nyingi kuliko jike. Mkojo hukaukia kwenye maranda, na unapokung'uta kizimba, chembe zake huelea hewani kwa saa kadhaa. Barakoa ya kitambaa haizizuii, wala ile ya upasuaji. Itafute ya N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, inayoshika uso vizuri. Koti la kazi nalo liachwe kazini, maana yule mdogo wako hukurukia ungali mlangoni.

Hata hivyo barakoa peke yake haikutoshi sasa, na kunyamaza ndiko ninakokuogopea. Mwandikie msimamizi, ubaki na nakala, uombe kuondolewa kwenye usafishaji wa vizimba kabla mzio haujashuka kifuani, kwa kuwa ukishageuka pumu unaweza kukaa nawe hata baada ya kuiacha kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akulinde, huombi hisani.

Je, usiku unakohoa? Siku za mapumziko chafya hupungua? Umewahi kuumwa na panya ukavimba, au ukakosa pumzi? Likikupata hilo, kimbilia hospitali saa ile ile. Na daktari wako, umemwambia unafanya kazi gani? Jumamosi ijayo nitakuwa Kampala. Nikupitie nyumbani twende kliniki pamoja?

Nduguyo,
Musa